Siku Sufuria Ilipomshika Njoroge

Nyinyi vijana wa mkokoteni hapa Kiganjo mlinisimamisha juzi pale langoni mkaniuliza, "Shosho, hii makaratasi yetu huwa inaenda wapi?" Niliwaambia nitawajibu nikipata nafasi ya kukaa. Nafasi ndiyo hii. Ketini, magoti yangu hayataki tena mazungumzo ya kusimama.

Inaenda kwenye Sufuria.

Sufuria ni jina letu sisi wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi. Wenye kiwanda waliiita kwa Kizungu. Ni tangi la chuma, pana kama chumba cha kupanga, na kina chake kinampita mtu mrefu. Chini kabisa kuna sahani ya chuma yenye meno, nayo huzunguka. Unafungulia maji, unatupa ndani katoni, magazeti na madaftari ya watoto, na baada ya muda mfupi huoni tena katoni wala daftari. Unaona uji wa kijivu unaozunguka na kujimeza pale katikati. Uji huo ukichujwa na kukaushwa ndio unaotoa karatasi ya choo, trei za mayai na katoni mpya. Ukisimama ukingoni inapozunguka, sakafu inatetemeka mpaka unausikia mtetemo kwenye meno yako. Wiki yangu ya kwanza nilikuwa nikiota nimeanguka ndani, na nilipowaambia wenzangu, waliniambia nao huota hivyohivyo.

Lakini mimi nilianzia Ruiru, kabla ya kuhamishiwa Thika. Mwanzoni mwa miaka ya tisini kiwanda kilikuwa na yadi huko, nyuma ya gereji moja, ambapo watu wa mikokoteni walileta karatasi kutoka mitaani. Pikapu yetu nayo ilipita Kahawa Sukari, ikichukua kwa wenye nyumba na kwa wanafunzi waliopanga. Sisi wanawake tulichambua. Katoni huku, magazeti kule, karatasi nyeupe peke yake, takataka nyingine nje. Wengine walimwagia gunia maji ili liwe zito kwenye mizani. Hao tulikuwa tunawajua. Unatia mkono katikati ya gunia, mpaka kwenye kiwiko, na ukisikia joto kama la ugali uliofunikwa, basi ndani kumelowa na kumeanza kuoza. Mwaka ule wa mvua ya El Nino kila gunia lilikuwa na joto, tukaacha hata kutia mkono.

Msidhani ni kazi ya kutupa tu. Zile pakiti za maziwa za pembe tatu, kama mnazikumbuka, au mama zenu wanazikumbuka, zilikuwa adui mkubwa. Kwa macho ni karatasi. Ndani zina ngozi nyembamba ya plastiki, na zikiingia Sufuriani plastiki haiyeyuki, inatoka ikiwa madoa kwenye trei za mayai. Kuna siku pia kulikuwa na harusi Kahawa Sukari, na mapambo yote ya karatasi nyekundu yakapita mezani bila mtu kuyaona. Karatasi ya choo ya siku hiyo ilitoka ya waridi. Bwana Karanja, aliyekuwa msimamizi wetu, alikuja amebeba roli moja mikononi kama mtoto mchanga, akatuuliza ni nani kati yetu ameolewa. Tuliogopa kufutwa. Kumbe sokoni watu waliipenda, wakawa wanaulizia ile ya rangi itarudi lini.

Basi marobota. Karatasi ikishachambuliwa Ruiru, iligandamizwa kwa mashine na kufungwa kwa waya wa chuma, ikawa robota kubwa ambalo wanaume wawili wanalibingirisha kwa shida. Lori lilileta marobota Thika. Pale Thika kulikuwa na meza ndefu, na kabla ya karatasi kupanda mkanda wa kuipeleka Sufuriani, sisi wa mezani tulikata waya, tukautoa wote, tukapitia karatasi mara ya mwisho. Kila mmoja alikuwa na kisu chake, kilichotengenezwa kwa ubapa wa msumeno wa kukatia chuma, kimenolewa kwenye jiwe, na mpini umezungushiwa kamba ya tyubu. Hukuazima kisu cha mtu.

Waya ndio tuliouogopa. Waya mmoja ukipita, unajizungusha kwenye yale meno. Unavuta kamba za katani, unavuta matambara na nailoni, na baada ya siku chache kunakuwa na fundo kubwa kama gurudumu la baiskeli, gumu, limekaza mpaka Sufuria inaanza kuguna. Hapo hakuna njia nyingine. Lazima mtu ashuke ndani akalikate.

Aliyenifundisha mambo hayo alikuwa Mzee Ramadhani, mwendeshaji wa Sufuria. Alikuwa jirani yetu Majengo. Babake alitoka upande wa Kongo na mamake alikuwa Mkamba, na kwetu Majengo hilo halikumshangaza mtu, kila nyumba ilikuwa na hadithi yake. Mimi mwenyewe mama ni Mkikuyu. Mzee Ramadhani alikuwa mwembamba, mpole, na hakuwahi kunipigia kelele ila siku moja tu, siku niliyopanda ukingoni kuokota kisu changu kilichoanguka. Yeye ndiye aliyemwekea mtu wa kushuka sharti: fundi wa stima anang'oa fyuzi kubwa ya Sufuria kwenye chumba cha swichi, na yule anayeshuka anaitia mfukoni mwake mwenyewe. Isikae mfukoni mwa fundi wala mezani kwa msimamizi. Ukiwa nayo mfukoni, hakuna mtu duniani anayeweza kuwasha mashine ukiwa ndani.

Sasa, mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini mvua ilikataa. Mabwawa yalikauka, stima ikawa ya mgao. Ilikuwa inapotea asubuhi, inarudi alasiri, au inarudi saa sita, na ratiba iliyoandikwa gazetini haikufuatwa na mtu. Kiwanda kilikuwa nyuma na maagizo, Bwana Karanja alikuwa hapati usingizi, na sisi tulikuwa tunaketi gizani juu ya marobota tukingoja.

Katika hali hiyo swichi ya Sufuria iliharibika. Ilikuwa ikiwashwa haishiki, inaachia. Fundi wetu wa stima, Mutua, kijana wa upande wa Gatuanyaga, mchapakazi sana, aliagiza kipuri Nairobi. Huku akingoja, alikibana kile chuma cha swichi kwa kipande cha mti ili kisiachie. Kilifanya kazi. Lakini ina maana kwamba stima ikipotea na ikarudi, Sufuria ilianza kuzunguka yenyewe, bila kuguswa na mtu. Na kile kitufe chekundu cha kuizima kilichokuwa juu ukingoni hakikuwa na kazi tena. Sote tulijua. Tulizoea. Stima ikipotea, Mutua alikwenda akatoa kile kipande cha mti, na ikirudi akakirudisha.

Siku ninayowaambia, Mutua hakuwapo. Mashine ya kufunga marobota ilikuwa imeharibika Ruiru, akaenda na lori asubuhi. Chumba cha swichi, mlango wa chuma, alikuwa amekifunga kama alivyoagizwa, na ufunguo alikwenda nao. Stima ilipotea akiwa huko, na kile kipande cha mti kikabaki kimeibana swichi. Sufuria ikasimama, na ilikuwa inaguna tangu jana yake, maana fundo la waya lilikuwa limekua. Ule waya ulipita mezani kwetu. Ulipita mkononi mwa nani sijui mpaka leo.

Bwana Karanja aliona nafasi. Stima haipo, Sufuria imesimama, fundo likatwe sasa hivi ili stima ikirudi kazi iendelee. Akaamuru uji umwagwe, akamwita Njoroge.

Njoroge tulimwita Baba Shiru. Alikuwa mtu mnene kidogo, mcheshi, ndiye aliyezoea kushuka. Mkewe, Mama Shiru, alikuwa anasimama mezani karibu nami. Mimi naye hatukuwa tukiongea sana wakati huo. Tuligombania mahali pa kusimama, pale karibu na dirisha, na ugomvi wa mezani, vijana wangu, unaweza kukaa mwaka.

Mimi na Mzee Ramadhani tulikuwa nyuma ya marobota tunaswali adhuhuri. Tuliporudi, ngazi ilikuwa imeegemezwa Sufuriani na Njoroge yumo ndani, tunasikia msumeno unakwaruza. Mzee Ramadhani alimwuliza Bwana Karanja fyuzi iko wapi. Bwana Karanja akasema fyuzi ya nini na stima haipo, na hata hivyo mlango umefungwa. Mzee hakubishana. Alipanda ukingoni akamwambia Njoroge atoke. Njoroge alijibu kwamba zimebaki nyaya mbili tu.

Nilisikia sauti kama ya kitasa kikubwa kinachojifunga. Kisha msumeno ukaacha kukwaruza.

Alikuwa amesimama juu ya ile sahani ya meno. Alipokata waya uliokuwa umekaza zaidi, fundo zima liliachia, na sahani ikageuka kidogo kwa uzito wake. Jino moja likaukamata mguu wake wa kulia na kuubana ukutani, gambuti ya mpira na kila kitu. Na zile nyaya nyingine zilizobaki zikamzunguka kwenye shavu la mguu.

"Mzee," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "hii mguu haitoki."

Wanaume waliingiza vyuma kutoka juu kujaribu kuirudisha sahani nyuma, wakashindwa, maana fundo liliibana upande wa pili. Bwana Karanja alikimbia ofisini kupiga simu Ruiru. Akaambiwa Mutua ameshatoka, yuko njiani. Akapiga kwa watu wa stima, laini imeshikwa. Akapiga tena, imeshikwa. Alirudi na nyundo kubwa na kuwaita wanaume wote waende wavunje mlango wa chumba cha swichi. Kuanzia hapo kila kitu ninachokikumbuka kina mlio wa nyundo hiyo juu ya chuma.

Na hapo ndipo tuliposikia kiwanda cha nguo.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kiwanda cha nguo, nao walikuwa kwenye laini nyingine ya stima. Tulikuwa tumejifunza kwa mazoea kwamba wao wakipata, sisi hatuko mbali. Wakati mwingine ilichukua muda wa kunywa chai. Wakati mwingine hata chai hukumaliza kuimimina. Mashine zao zilianza kunguruma moja baada ya nyingine, na watu wote waliokuwa mezani waligeuza vichwa upande ule.

Mama Shiru alikuwa amekwishapanda ngazi. Sikusikia aliyomwambia mumewe. Niliona tu mgongo wake.

Mzee Ramadhani alinishika bega. "Halima, shuka shimoni ukakate belti," akaniambia. "Zote. Usiache hata moja."

Nilielewa mara moja. Chini ya Sufuria kulikuwa na shimo, unashuka kwa vidato vya chuma. Huko ndiko mota ilikokaa, na ndiyo iliyozungusha sahani kwa belti tano nene za mpira zilizopita kwenye magurudumu mawili. Belti zikikatika, mota inaweza kuzunguka mpaka kesho, sahani haitasogea. Nilichukua kisu changu nikakimbia. Nilipofika kwenye vidato niliona mtu ananifuata, ni Mama Shiru, naye ameshika chake.

Shimoni kulikuwa na giza na maji ya uji yanadondoka kutoka juu. Ule wavu wa kuzuia mikono ulikuwa umefungwa kwa nati za kuzungusha kwa vidole, tuliutoa tukautupa. Kabla sijatia mkono nilivua kitambaa changu cha kichwa, nikavua na leso kiunoni. Kitu chochote kinachoning'inia kingenivuta na mimi. Mama Shiru aliniangalia, akavua sweta lake, akakunja mikono ya blauzi mpaka mabegani.

Mnajua jinsi ya kukata mpira? Mpira haukatwi kwa kisu kikavu. Kisu kikavu kinang'ang'ania, kinakwama, unasukuma na mkono unateleza. Lazima kiwe na maji. Na unakata pale belti ilipokazwa zaidi, ili ule mvutano wake wenyewe ukusaidie kuipasua. Nililoweka kisu kwenye yale maji yanayodondoka, nikapapasa kutafuta belti ya kwanza, nikaanza. Vidole vyangu vilikuwa kati ya magurudumu mawili ya chuma. Nilikuwa najua kama stima ikirudi sasa hivi sitasikia kitu, nitaona tu sina mkono. Nilijua hilo, na nikaendelea kukata.

Mama Shiru alianza belti ya upande wake. Yeye alikuwa na nguvu kunishinda. Yake ilikatika kwanza, ikapiga ukuta kama kiboko. Kisha yangu. Juu tulisikia nyundo, na katikati ya nyundo tulisikia sauti ya Mzee Ramadhani ikizungumza na Njoroge, polepole, kama watu wawili waliokaa barazani. Nilidhani amesimama ukingoni.

Belti ya tatu ilikatika. Ya nne ilikuwa mpya kuliko zote na ilinitoa jasho. Mama Shiru alikuwa tayari ameshika ya tano kutoka upande wa pili, na alikuwa akinong'ona kitu kwa Kikuyu, neno moja hilohilo, sala nadhani. Ya nne ikaachia. Nikahamia kwenye ya tano, tukawa tunaikata pamoja, vichwa vyetu vinagusana.

Niliona mwanga kabla ya kitu kingine chochote. Taa ya shimoni, ambayo tulikuwa tumeisahau, iliwaka juu yetu.

"Toa mkono," Mama Shiru alisema.

Nilijitupa nyuma. Mota iliguna, gurudumu lake likaruka, na ile belti ya tano, iliyokuwa imebaki nusu, ikakaza na kupiga ukelele. Gurudumu kubwa, lile la sahani, lilisogea. Nililiona likisogea. Kisha kukawa na harufu ya mpira unaoungua, belti ikakatika, ikamchapa Mama Shiru mkononi kutoka kiwiko hadi kiganja. Mota ikabaki inazunguka peke yake kwa kelele iliyojaza shimo lote.

Hatukupanda. Tulikaa pale chini tukitazama lile gurudumu kubwa, kama limesimama kweli au tunajidanganya. Lilikuwa limesogea. Kidogo, lakini lilikuwa limesogea, na sisi tulijua kuna mguu mwishoni mwake. Mama Shiru aliita, "Baba Shiru." Kelele ya mota iliimeza sauti yake. Akaita tena. Damu ilikuwa inamtiririka kwenye vidole na yeye hakuiona. Mimi ndiye niliyemfunga kwa kile kitambaa changu cha kichwa, na nilimsukuma kwenye vidato mbele yangu, maana mwenyewe nilikuwa naogopa kutangulia.

Tulipofika ukingoni tuliangalia ndani. Niliona vichwa viwili.

Mzee Ramadhani alikuwa ndani ya Sufuria. Alikuwa amepiga magoti juu ya sahani, msumeno mkononi, na mkono mwingine amemzungushia Njoroge kifuani. Alishuka tulipokwenda shimoni, akawa anakata ile gambuti kuanzia juu apate kuuchomoa mguu. Sahani ilikuwa imesogea upana wa kiganja. Ilikuwa imemvunja Njoroge kifundo cha mguu, na ikamkwaruza Mzee goti. Upana wa kiganja kingine na ingekuwa habari nyingine.

Njoroge alikuwa wa kijivu kama uji wenyewe. Alimwona mkewe, akamwuliza mkono umefanya nini.

Walimtoa kwa kamba, gambuti ikabaki chini. Mlango wa chumba cha swichi ulivunjika wakati huohuo, na mtu akakipiga teke kile kipande cha mti, mota ikanyamaza. Bwana Karanja alikuja na nyundo bado mkononi. Aliangalia Sufuria, akaangalia mguu wa Njoroge, akaenda nyuma ya marobota akatapika. Sikumcheka wakati huo na simcheki sasa. Alimpeleka Njoroge hospitali kwa gari lake mwenyewe, na Mama Shiru kiti cha nyuma, mkono wake juu.

Lori la Ruiru liliingia wakati tunafagia. Mutua aliruka chini akiwa na ufunguo mkononi, maana walimwambia langoni kuna shida na chumba cha swichi. Tukamweleza. Aliketi juu ya robota na kuushika ule ufunguo kwa mikono miwili, na watu walipita mbele yake wakimpa pole. Jioni ile alikiokota kile kipande cha mti akakichoma. Kipuri kilikuja baadaye kutoka Nairobi, lakini hata kabla hakijaja hakubana tena chochote. Swichi ilipoachia, tulikaa tukingoja.

Nilitembea na Mzee Ramadhani kwenda nyumbani. Alikuwa anachechemea, na suruali imepasuka gotini. Tulifika mpaka karibu na msikiti kabla sijapata ujasiri wa kumwuliza kwa nini alishuka, yeye kati ya watu wote, bila fyuzi mfukoni.

"Gambuti ilikuwa imekataa kwa juu," akasema. "Na Njoroge alikuwa ameanza kuniambia mambo ya watoto wake. Nikaona nikiendelea kusimama kule juu, nitakuwa namsikiliza tu."

Halafu akaniuliza kama kisu changu kilibaki na makali, nikamwambia kimekwisha.

Belti mpya zilifungwa. Siku Sufuria ilipokuwa tayari kuwashwa tena, Mutua alisimama kwenye mlango wa chumba cha swichi, ambao sasa haukuwa na kitasa, akingoja kuambiwa awashe. Hakuna aliyetaka kumwambia. Watu walikuwa wamerudi nyuma mpaka ukutani, hata wale wasiokuwapo siku ile. Mzee Ramadhani alipanda ukingoni akaangalia ndani kwa muda mrefu. Akashuka akazunguka Sufuria yote. Akashuka na shimoni, na goti lake hilo. Aliporudi, alianza kutuita majina. Mmoja mmoja. Kila aliyeitwa alitakiwa ajibu kwa mdomo wake, hakukubali kuinua mkono.

Aliita, "Njoroge." Kukawa kimya, maana Njoroge alikuwa bado hospitali. Mzee hakuendelea. Alingoja.

Mama Shiru, mkono wake ukiwa kwenye bendeji, akajibu, "Ako hosi."

Basi akaendelea na jina lililofuata. Walipojibu wote, ndipo alipomwambia Mutua awashe.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yetu. Kila Sufuria iliposimama, kwa stima kupotea au kwa kusafishwa, haikuwashwa kabla ya majina kuitwa. Bwana Karanja, aliyekuwa akilia na wakati kila siku, hakuwahi kulalamika juu ya dakika hizo, na jina lake mwenyewe likawa linaitwa kati ya yetu. Njoroge alipona lakini kifundo hakikunyooka vizuri, hakuweza tena kusimama siku nzima. Alipewa kazi yadi ya Ruiru, ya kupima magunia kwenye mizani, na nasikia wale wa kumwagia maji walimchukia sana kwa jinsi alivyoingiza mkono. Hata hivyo jina lake halikuondolewa Thika. Lilikuwa linaitwa, na mtu yeyote aliyekuwa karibu alijibu, "Yuko Ruiru."

Mzee Ramadhani alipofariki, tulimzika hapa Thika, na Njoroge alichechemea nyuma ya jeneza mpaka mwisho. Mutua ndiye aliyechukua kazi ya kuita majina. Walikuja wafanyakazi wapya, wakawa wanacheka kidogo siku za kwanza wanaposikia mtu anaitwa na anajibiwa kwamba yuko Ruiru, au yuko Majengo kaburini. Baadaye hawakucheka. Mimi na Mama Shiru tuliendelea kusimama mezani, na lile dirisha tulikuwa tunalipokezana, wiki yake, wiki yangu.

Halafu magoti yakanishinda nikastaafu. Asubuhi ya kwanza bila kazi nililala mpaka jua likapanda, nikaamka na hofu kwamba nimechelewa. Nilishinda nyumbani sijui mikono niiweke wapi. Mama Shiru alikuwa bado ana miaka yake michache kazini. Jioni alipitia kwangu na mkate, akaketi palepale ulipoketi wewe, akasema stima ilipotea leo mchana na iliporudi waliita majina, na langu likaitwa.

Nikamwuliza nani alijibu.

"Ni mimi," akasema. "Nimewaambia uko nyumbani."